Siku Tano Mang'ula, na Maporomoko Yasiyotaka Kuonekana Yote

Siku ya kwanza: Dar es Salaam – Morogoro – Mang'ula

Niliondoka Dar alfajiri kwa treni ya umeme, nikielekea Mang'ula, bondeni Kilombero, mguuni mwa milima ya Udzungwa, kuyaona maporomoko ya Sanje. Watu wa Kilombero wangenicheka, maana mabasi ya Ifakara yanatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi na kupita mlangoni kabisa mwa ninakokwenda. Lakini tangu reli hiyo mpya, SGR, ianze kubeba abiria Juni 2024 nilikuwa na hamu nayo, na mtu akisafiri peke yake ana faida hii moja kubwa: hakuna wa kumwomba ruhusa ya kuzunguka.

Saa mbili hazikutimia tukawa Morogoro. Stesheni iko Kihonda, mabasi yako Msamvu, katikati hapo ni bajaji. Starehe ikaishia hapo. Basi nililopanda lilikuwa linaondoka "sasa hivi", na sasa hivi hiyo ilikula asubuhi yote mpaka kondakta alipopata kichwa chake cha mwisho. Nilikula mahindi ya kuchemsha, nikanunua maji, nikanunua tochi nisiyoihitaji, nikakataa soksi mara sita.

Njiani ukishaingia Hifadhi ya Mikumi unakuwa mtalii bila kulipa kiingilio. Barabara kuu inakatiza katikati ya mbuga kwa kilomita kama 50, kuna matuta na mabango ya faini kwa atakayegonga mnyama. Basi zima lililokuwa limesinzia liliamka. Twiga wawili, pundamilia, ngiri na watoto wake mikia juu, swala pala wasiohesabika. Mtoto wa siti ya mbele aliuliza kama twiga wanalala wamesimama, mama yake akamwambia amuulize dereva.

Mjini Mikumi tuliiacha njia ya Iringa tukakata kushoto, tukapata pancha, tukasubiri, tukaendelea. Nilikuwa nimeelekezwa vizuri kabisa: ukienda, kaa dirisha la kulia, upande wa milima, ukishavuka daraja la Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, anza kuangalia juu, utayaona maporomoko ya Sanje kutoka barabarani kama uzi mweupe. Siti niliyopata ilikuwa ya kushoto, na tulipovuka daraja jua lilishazama. Niliona taa za kiwanda cha sukari, nikanusa moshi wa miwa, basi.

Mang'ula nilishuka usiku. Bodaboda ikanifikisha nyumba ya wageni.

"Karibu dada. Mpo wangapi?" binti wa mapokezi aliuliza, huku akichungulia nyuma yangu.

"Mmoja."

"Wenzako wanakuja kesho?"

"Hawaji. Niko peke yangu."

Aliandika kwenye daftari polepole, kama anayenipa muda wa kubadilisha maelezo. Swali hilo nilianza kulihesabu hapo. Lilikuwa la tatu, baada ya dereva wa bajaji na muuza tochi.

Siku ya pili: Mang'ula

Nilifungua dirisha nikakutana na mlima. Huku bondeni ni tambarare, mpunga na miwa, halafu bila kupiga hodi ardhi inasimama wima, kijani kibichi, kichwa kimefunikwa mawingu. Misitu mingi ya Afrika Mashariki imebaki vilemba tu juu ya milima, chini imekatwa zamani. Hapa msitu unashuka mfululizo kutoka zaidi ya mita 2,000 mpaka karibu mita 250, yaani mpaka nyuma ya nyumba za watu. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga ukuta huu, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Milima ya Tao la Mashariki yote inaishi kwa mpango huo, kuanzia Taita kule Kenya, Upare na Usambara mpaka huku Udzungwa kusini.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, na ina kilomita za mraba 1,990. Kwa msafiri asiye na gari ni habari njema kupita zote: ndani hakuna barabara za kuzungushia watalii. Hakuna anayekupita kwenye Land Cruiser akikupulizia vumbi. Tajiri na maskini wote wanatembea.

Habari isiyokuwa njema ni ya malipo. Taslimu hazipokelewi getini. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Mimi nilikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwa na hela, ila mtandao wa simu yangu ulichagua asubuhi hiyo kupumzika. Nilirudi kwa miguu mpaka kwa wakala karibu na soko, nikatoa pesa zangu kwa laini ya mama mmoja mwenye huruma, nikalipia kwa laini hiyo, nikarudi tena getini. Saa mbili zimekwenda. Kwa Mtanzania kiingilio si kikubwa, kinachouma zaidi ni gharama ya mwongozaji, maana kundi linaigawana na mtu peke yake anaibeba yote. Uhuru una bei, na hii ndiyo yake. Zaidi ya hapo sikuona kingine cha kulipia upweke.

"Mko wangapi kwenye kundi?" (La tano.)

Mchana uliobaki ulitosha njia fupi tu, ya maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la yule mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi. Ni matembezi ya chini ya saa moja, na maporomoko yenyewe ni madogo. Nisingeyaandika kama si mbega.

Walikuwa juu ya mfune, kama ishirini hivi. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani mahali pengine popote duniani ila kwenye milima hii na kingo zake. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, na kichwani nywele za rangi ya kutu kama mtu aliyepaka hina akasahau kuiosha. Wanaruka vibaya. Mtu akikwambia tumbili wana madaha, mpeleke akawaone mbega wekundu: anajirusha mzimamzima, anaanguka na tumbo kwenye majani, tawi linainama mpaka linakaribia kukatika, yeye anashika. Na anashika bila dole gumba, maana mbega hana. Mmoja alinikojolea bega. Mwongozaji akasema ni baraka. Sikumwamini lakini nilishukuru.

Siku ya tatu: Sanje

Tuliondoka saa moja asubuhi kwa bodaboda mbili, mimi moja na mwongozaji nyingine, kurudi kaskazini kama kilomita kumi mpaka kijiji cha Sanje. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mpunga. Mlima haukuonekana kabisa, sembuse uzi mweupe.

Njia inaanza kwa upole wa uongo. Dakika kumi za mwanzo ni kivuli, vipepeo, na kijito cha kuvuka kwa kurukaruka mawe. Nilikuwa nimevaa jinzi. Nasema hili kwa ajili ya atakayekwenda baada yangu: usivae jinzi. Ikishalowa jasho na umande inakuwa mtu wa pili unayembeba.

Kisha njia ikapanda. Mizizi ndiyo ngazi, na kila ngazi imekatwa kwa mguu wa mtu mrefu kuliko mimi. Mwongozaji, kijana wa hukuhuku mwenye fimbo na viatu vya mvua, alikuwa anapanda huku anazungumza. Mimi nilikuwa napanda tu.

"Dada, pumzika. Maji hayahami."

Tulipopumzika alinionyesha kinyesi kikubwa cha zamani kilichoota uyoga. Tembo. Nilidhani ananitania, mteremko ule mbuzi angefikiri mara mbili. Kumbe tembo wa Udzungwa wanapanda, na wana vijia vyao ambavyo wahifadhi walivirithi kwa sababu tembo hupima mteremko vizuri kuliko fundi. Zamani walikuwa wakivuka bonde la Kilombero kwenda upande wa pili, kwenye pori kubwa ambalo sasa sehemu yake ni Hifadhi ya Nyerere. Leo bonde limejaa mashamba na ushoroba umebaki mwembamba.

Hondohondo walipita juu yetu, sikuwaona. Mabawa yao yalisikika kama mtu anayevuta mkokoteni angani.

Halafu mlio mwingine, wa mbali, kama mlipuko unaofuatwa na gumzo. Kijana akainua kidole. "Ng'olaga."

Hii ndiyo hadithi niliyoijia, kwa kweli, kabla hata ya maporomoko. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kwenye msitu huu wakiwafuatilia mbega wekundu, wakasikia mlio wasioujua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakuhitaji kufikiri, akawatajia jina: ng'olaga. Baadaye wakamkuta mmoja mchanga kijijini, amefugwa. Kwa sayansi alikuwa nyani wa aina mpya kabisa, na leo vitabu vinamwita mangabei wa Sanje. Kwa Sanje alikuwa jirani mwenye jina tangu mababu. Nilimuuliza kijana inakuwaje mnyama agunduliwe akiwa tayari amefungwa kamba uani kwa mtu. Akacheka. "Aligunduliwa na wenye kalamu, dada."

Na milima haijamaliza. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa kwenye misitu ya upande mwingine zilimpiga picha sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, wa aina isiyojulikana, mwenye uso wa kijivu na uzito wa kama gramu 700, ambaye kwa sange ni pandikizi la mtu. Nilitembea nikiangalia vichaka kwa heshima zaidi.

Heshima hiyo ilinisaidia kidogo tu. Sehemu moja njia imebana nilishika jani kuvuta mwili, na jani lilikuwa na jirani yake upupu. Ambaye hajawahi kuupata upupu simwombei. Mkono mzima uliwaka, na ukijikuna unausambaza. Kijana alichota tope kando ya kijito, akanipaka mpaka kwenye kiwiko, akaniambia nisiguse. Likakauka, akalibandua vipande vipande, na vinyweleo vikaondoka nalo. Muwasho ulibaki, lakini wa mtu mzima, wa kuvumilika.

Sauti ya maji ilikuwa nasi muda wote huo. Mwanzo niliidhani upepo. Kisha ikawa kama mvua inayokuja na haifiki. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, lakini hayaanguki kwa mkupuo. Yamejigawa hatua tatu, na hatua ya katikati imejificha msituni. Kwa hiyo njia inakuonyesha vipande. Kwenye upenyo wa miti unaona shuka jeupe likining'inia bila juu wala chini. Unapanda nusu saa, unaona shuka jingine, hujui kama ni lilelile.

Tulifika juu karibu saa nne na nusu. Maji yanatoka msituni kimya, yanatulia kwenye mabwawa madogo ya mawe, yanajaa, yanavuka ukingo, yanapotea. Ndiyo hayo tu. Nilisimama na simu mkononi nikitafuta picha. Niliyokuwa nimejipangia kwa miezi, ya mimi na maporomoko ya mita 170 nyuma yangu, haikuwepo. Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa maji na baada ya mstari, hewa.

"Yako wapi sasa?" niliuliza, na nilijisikia mjinga hapohapo.

"Umeyakanyaga."

Nilivua viatu nikaingia bwawani na jinzi yangu. Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unatawanyika huko chini, na bonde la Kilombero likaanza kutoka vipande vipande: kwanza miwa, mraba kwa mraba, kisha mpunga, kisha reli ya TAZARA. Reli ile, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na hapa inapita miguuni mwa milima. Moshi mmoja mnene ulikuwa umesimama wima penye shamba linalochomwa kabla ya kukatwa. Kijana alinionyesha bati za kijijini kwao. Maji wanayokunywa pale, alisema, ni ya mserereko, yanashuka na bomba kutoka vijito hivi bila pampu. Bomba likiziba ni majani, wanapanda kuzibua.

Nikayafuata maji kwa macho, na yalikofichika nikayafuata kwa akili. Yakitoka hapa yanaishia Rufiji. Na Rufiji siku hizi haifiki baharini bila kupita Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine za megawati 2,115, na umeme huo unaingia kwenye gridi ileile inayoendesha treni niliyoipanda juzi. Nilimweleza kijana. Alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo umeyafuata nyumbani kwao." Nikamwambia aache kazi ya mwongozaji awe mshairi. Akasema ushairi hauna posho.

Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha juu ya jiwe. Ndiyo wakati pekee siku tano zote nilipotamani kuwa na mwenzangu, na si kwa ajili ya mandhari. Nilitaka mtu wa kunishikia mgongo nifike ukingoni nichungulie. Kijana alikataa katakata. Jiwe lina ute, alisema, na ute hauoni cheo.

Kushuka ni adhabu nyingine, ya magoti. Tulishukia mguuni mwa hatua ya chini, na pale, hatimaye, yalikuwepo. Sina maneno mengi ya mahali pale kwa sababu sikuweza kuangalia. Maji yanapopiga mawe yanatengeneza upepo wake, na upepo unakuja na manyunyu yanayokuingia machoni, puani, mdomoni. Ukiinua uso unafumba macho. Ukifumbua unaona weupe. Miti ya kando inatikisika muda wote ingawa msitu mwingine wote umetulia. Nilipiga picha kumi na saba, zote zinafanana na dirisha la basi siku ya mvua.

Na hata pale nilikuwa naona kipande. Katika njia yote niliyopita sikuwahi kuyaona yote matatu kwa mara moja.

Tulifika kijijini alasiri. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele alituangalia tulivyolowa.

"Mwenyewe tu?" alimuuliza kijana, kana kwamba mimi sisikii Kiswahili.

"Mwenyewe, bibi."

"Haogopi?"

Akaninyooshea ndoo ya maji ninawe tope la mkononi.

Siku ya nne: Mang'ula

Miguu iligoma. Nilikuwa nimepanga njia ya Sonjo, sikwenda.

Nilishinda kwa mama anayepika chakula karibu na soko. Wali wa hapa usiulize, mchele wa Kilombero unanukia kabla sufuria halijafunuliwa. Majivu meusi ya miwa yalikuwa yanadondoka taratibu kwenye meza, mama anayapangusa kwa khanga bila kukatiza mazungumzo. Aliponiuliza wenzangu wako wapi nilimwambia wamekufa wote, akashtuka, nikaomba radhi, tukacheka.

Yeye mlima anaujua kwa kuni. Zamani, alisema, kulikuwa na siku yao kila wiki, wanawake wanaingia hifadhini kuokota kuni kavu, hakuna panga wala shoka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Hoja ya hifadhi naielewa: watu wengi, njia nyingi, na mti mfu nao ni nyumba ya wadudu na mbolea ya msitu. Lakini kuielewa ni rahisi kwangu ninayepikia gesi Dar. Mama alipanda miti yake nyuma ya nyumba, siku nyingine anatumia jiko la pumba za mpunga, siku nyingine ananunua mkaa unaotoka kusikojulikana. Hakulalamika. Alisema tu, "Maji wanatuletea, kuni wanabaki nazo," akaniongezea maharage.

Nilimuuliza kama amewahi kupanda Sanje. Hapana. Amezaliwa hapa, ana wajukuu, hajawahi. "Nipande kufuata nini? Si yanashuka yenyewe?"

Siku ya tano: kurudi

Niliamka saa kumi na moja kwa ajili ya jambo moja tu: siti. Ukirudi milima iko kushoto. Basi la kutoka Ifakara liliposimama nilipanda kama wapandavyo daladala za Mbagala saa ya jioni, kwa kiwiko, nikapata dirisha la kushoto, safu ya nne. Mama wa makamo akakaa pembeni yangu na kuku wawili miguuni.

"Unasafiri na nani, mwanangu?"

Niliacha kuhesabu.

Asubuhi ilikuwa safi, mlima umevua kilemba. Tulipokaribia Sanje nikabandika paji la uso kwenye kioo. Miwa pembeni ya barabara ilikuwa mirefu, inakata mlima vipande kama filamu mbovu: mlima, miwa, mlima, miwa. Kisha kukawa na shamba lililokatwa karibuni, jeusi, wazi mpaka mguuni mwa msitu. Na yakawepo. Hatua ya juu, pengo la kijani, hatua ya chini, yote kwa pamoja, membamba, hayatikisiki, hayana sauti. Mahali nilipooga lilikuwa doa. Sikukumbuka hata kutoa simu.

Mama mwenye kuku aliinama mbele yangu kuangalia ninachokiangalia.

"Kuna nini huko?"

"Maporomoko, mama."

"Aa, yale." Akarudi kwenye siti yake, akasogeza kuku kwa mguu. "Yapo hayo."